Sindano ya jasho itoke saluni, ipelekwe kliniki

Botox inajulikana mijini kama sindano ya kufuta mikunjo ya uso, na umaarufu huo umeiponza. Mtu anayelowa makwapani hadi shati linabadilika rangi saa mbili asubuhi, akiambiwa kwamba dawa hiyohiyo inaweza kumkausha, huwaza moja kati ya mawili: ni anasa ya wenye pesa, au ni mambo ya saluni. Wanaoiuza kwenye vyumba vya urembo hawana sababu ya kumsahihisha, maana anasa haiulizwi maswali mengi. Hoja yangu ni kwamba kuchoma sindano hii kwa ajili ya jasho la kupindukia ni tiba ya ugonjwa unaojulikana, yenye ushahidi mzuri wa kitabibu, na kwa sababu hiyohiyo haifai kuachwa mikononi mwa wapambaji. Ipelekwe kliniki. Itanguliwe na uchunguzi na dawa za bei nafuu, ichomwe na aliyesomea, na pale inapohitajika kweli, bima isiitupe kapu moja na rangi ya kucha.

Pingamizi la kwanza halihitaji kusubiriwa: pwani ya Afrika Mashariki, nani hatoki jasho? Januari na Februari, kaskazi inapovuma na joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kupita nyuzi 30, kila abiria wa daladala na matatu hushuka amelowa, na hakuna anayekimbilia hospitali. Ni kweli, ila jasho hilo lina kazi. Mwili umepata moto, tezi zake za jasho, ambazo ni kati ya milioni mbili na nne, zinamwaga maji juu ya ngozi, maji yanakauka na kuondoka na joto. Jasho tunalolizungumzia hapa halifuati joto. Linatiririka kwenye ofisi yenye kiyoyozi, linatiririka Julai, linatiririka kwa mtu aliyekaa kimya anasoma gazeti. Madaktari wana vigezo vya kulitambua: limeonekana kwa miezi sita au zaidi bila sababu nyingine, kisha yawepo angalau mambo mawili kati ya haya: linatoka pande zote mbili sawasawa, linavuruga shughuli za kila siku, linakuja angalau mara moja kwa wiki, lilianza kabla ya umri wa miaka 25, kuna ndugu mwenye hali hiyohiyo, na linakoma mtu akilala. Hicho kigezo cha mwisho ndicho kinachonishawishi zaidi. Usiku wa Dar wakati mwingine una joto kuliko ofisi ya mchana, na bado viganja vya mgonjwa hukauka akishapitiwa na usingizi. Tatizo liko kwenye amri za mishipa ya fahamu, na hali ya hewa haihusiki sana.

Wanaosema ni jambo dogo wangetazama mkono wa mwanafunzi mwenye hali hii akiwa kwenye chumba cha mtihani. Anaweka leso chini ya kiganja ili karatasi isilowe, leso inalowa, anaigeuza, wino unasambaa, na ukurasa unachanika pale anapofuta. Kalamu inateleza. Baadaye mtu huyo anaingia kwenye dunia ya alama za vidole: usajili wa laini za simu, kitambulisho cha taifa, daftari la wapiga kura. Kidole kilicholowa huacha alama iliyovurugika kwenye kioo cha mashine, karani anafuta kioo na kumwambia arudie, na foleni nyuma inaanza kunung'unika. Na jamii yetu ni ya kupeana mikono. Tunashikana mikono msibani, baada ya swala, kanisani, tukikutana na kutengana, na anayeuficha mkono wake huhesabiwa kuwa ana majivuno. Kwa makwapa, tuhuma inayofuata ni ya uchafu. Watu humshauri mgonjwa aoge zaidi, wakati jasho hilo lenyewe halina harufu ya maana. Kikwapa hutokana na bakteria wanaovunjavunja jasho la tezi nyingine, na mtu anaweza kuoga mara nne kwa siku akabaki na shati lililolowa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulikadiria kwamba asilimia 2.8 ya watu wa nchi hiyo wana jasho la kupindukia. Tuchukue asilimia moja tu kwa Tanzania, tuiweke juu ya watu 61,741,120 waliohesabiwa katika sensa ya 2022: tunapata zaidi ya watu laki sita.

Kwa nini basi kliniki, na si saluni yenye mtu mwenye mkono mwepesi? Kwa sababu kazi ya kwanza ni kujua kama jasho hilo ni ugonjwa wenyewe au ni dalili ya ugonjwa mwingine. Tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi humfanya mtu alowe, moyo uende mbio, akonde huku anakula vizuri. Mgonjwa wa kisukari aliyeshukiwa na sukari hutokwa na jasho jembamba la ghafla. Kuna dawa za sonona zinazoongeza jasho, kuna mabadiliko ya wanawake wanaokaribia kukoma hedhi, kuna saratani za matezi. Na kwetu sisi kuna kifua kikuu. Jasho la usiku, lile la kulowesha shuka, ni mojawapo ya maswali manne ambayo Shirika la Afya Duniani limependekeza watu wanaoishi na VVU waulizwe, pamoja na kikohozi, homa na kupungua uzito. Mpambaji anayepokea mteja anayelalamika jasho hana sababu ya kumuuliza kama analowa usiku au mchana, na hata akiuliza hana maabara ya kumpeleka. Atachoma, atapokea pesa, na mgonjwa wa kifua kikuu atarudi nyumbani na makwapa makavu na mapafu yaleyale. Wanaotetea uhuru wa saluni kwa kusema kwamba mteja ni mtu mzima anayejichagulia wajibu kwanza hoja hii, maana uchaguzi wa mtu asiyejua anaumwa nini una mipaka yake.

Dawa yenyewe ni sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na historia yake inaonyesha kwamba urembo ulikuja mwishoni. Daktari wa Kijerumani Justinus Kerner, mwanzoni mwa miaka ya 1820, aliwachunguza watu waliokula soseji zilizooza, akaandika kwamba pamoja na kupooza walikauka: machozi, mate na jasho vilipungua. Alithubutu hata kufikiri kwamba sumu hiyo kwa kipimo kidogo ingeweza kutibu. Iliichukua dunia zaidi ya miaka 160 kumfuata. Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa ajili ya makengeza na kope zinazojifunga zenyewe, mikunjo ya uso ikaja mwaka 2002, na mwaka 2004 ikaruhusiwa kwa jasho kali la makwapa lililoshindikana kwa dawa za kupaka. Inavyofanya kazi si uchawi. Mshipa wa fahamu unapotaka tezi itoe jasho humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na sumu hii huikata protini inayosaidia kemikali hiyo kutoka. Amri haifiki, tezi inakaa kimya. Baada ya miezi mshipa hujirekebisha, jasho hurudi, na sindano hurudiwa.

Ushahidi wake ninaupenda kwa sababu ulipatikana kwa njia isiyoachia nafasi ya maneno matupu. Mwaka 2001 madaktari wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 145 ambao kwapa moja lilichomwa dawa na la pili likachomwa sindano isiyo na dawa, kwa mtu yuleyule. Jasho lilipimwa kwa mizani. Kabla ya tiba, wastani ulikuwa miligramu 192 kwa dakika, kiasi ambacho kikiendelea kwa saa nzima kinajaza zaidi ya vijiko viwili vya chai kwa kila kwapa. Wiki mbili baadaye kwapa lenye dawa lilitoa miligramu 24, na lile lisilo na dawa 144. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, wa wagonjwa 320 barani Ulaya, uliona asilimia 94 ya waliochomwa dawa jasho lao limepungua kwa nusu au zaidi baada ya wiki nne. Msomaji makini atauliza kuhusu waliochomwa sindano tupu: asilimia 36 nao walifikia kiwango hicho. Namba hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kutufumbua macho kuhusu matangazo ya mitandaoni. Jasho hupanda na kushuka lenyewe, na mtu aliyetibiwa hutulia, kwa hiyo picha ya mteja anayetabasamu kabla na baada haithibitishi chochote. Kilichothibitisha dawa hii ni ile tofauti kubwa kati ya 94 na 36. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 ulikuta kwamba nafuu ya dozi ya kawaida hudumu kwa kadiri ya siku 200, yaani miezi sita na ushei.

Hata hivyo sindano si hatua ya kwanza, na daktari anayeanza nayo ana haraka. Bibi zetu walipaka shabu makwapani, na hawakukosea: shabu ni chumvi yenye alumini, ndugu wa mbali wa kloridi ya alumini ambayo kliniki za ngozi hupaka usiku juu ya ngozi kavu ili kuziba vinywa vya tezi. Huwasha kidogo, na wapo isiowafaa, lakini ni rahisi na kwa wengi inatosha. Kwa viganja na nyayo kuna njia ya mabeseni: mikono inawekwa kwenye maji ya bomba, mkondo mdogo wa umeme unapita kwa dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki mpaka jasho lipungue. Inataka mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na mtu aliyefundishwa, kwa hiyo asiwepo fundi wa mtaani wa kuunganisha betri na karai. Kuna vidonge kama oksibutinini, ambavyo hukausha mwili mzima, mdomo ukiwemo. Kuna upasuaji wa kukata mshipa wa fahamu kifuani, ambao mimi ningeuweka mwisho kabisa kwa sababu wengi wanaofanyiwa huanza kulowa mgongoni na tumboni, na kilichokatwa hakirudishwi kirahisi. Sindano inakaa kati ya vidonge na kisu. Mahali pake pa uhakika ni makwapa. Kwenye viganja inasaidia pia, lakini inauma sana, na inaweza kulegeza misuli ya vidole kwa wiki kadhaa. Fundi cherehani au kinyozi atafikiri mara mbili kabla ya kubadilishana jasho na kidole gumba kisichobana.

Ikifanywa inavyotakiwa, kazi yenyewe ni ya kawaida kabisa. Kwapa hupakwa iodini, ikikauka hunyunyiziwa unga laini wa wanga, na baada ya dakika chache kila panapotoka jasho hugeuka bluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Mtaalamu anauzungushia kalamu mpaka wa eneo hilo, anaweka alama za nukta zenye nafasi ya sentimita moja hadi mbili, kisha anachoma matone madogo ndani ya ngozi, sehemu 10 hadi 15 kwa kila kwapa. Kwa Botox dozi ni yuniti 50 kwa kwapa, kwa hiyo chupa ya yuniti 100 inatosha pande zote mbili. Mgonjwa anavaa shati lake na kuondoka, na ndani ya wiki moja anaanza kuona tofauti. Anayekuchoma bila kutafuta kwanza jasho linatoka wapi anabahatisha kwa dawa ya bei ghali.

Kuna wanaoshtuka kwamba tunazungumzia sumu, tena mojawapo ya kali kuliko zote zinazojulikana. Wana haki ya kushtuka, na nisingependa msomaji amalize makala haya akiwa na mapenzi mepesi na dawa hii. Usalama wake unategemea dozi na mahali inapowekwa. Tangu 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza kila pakiti ibebe onyo kali kwamba sumu inaweza kusambaa kutoka ilipochomwa na kuleta udhaifu wa misuli, shida ya kumeza na ya kupumua. Mwaka 2024 nchi hiyohiyo, yenye ukaguzi mkali, ilipata wagonjwa 22 katika majimbo 11 waliodhurika baada ya kuchomwa bidhaa bandia au kuchomwa na wasiostahili, nyumbani na kwenye vituo vya urembo. Mwaka uliotangulia, makumi ya watu wa Ulaya waliugua baada ya kuchomwa sumu hii tumboni nchini Uturuki ili wapungue unene. Botox halisi inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka itumike, na ikishachanganywa na maji ya chumvi muda wake unahesabika kwa saa. Chupa iliyosafiri kwenye begi la mfanyabiashara na kulala kwenye fremu ya duka lisilo na friji haina wa kuidhamini. Isitoshe, yuniti za kampuni moja si sawa na za nyingine: utafiti ule wa Ujerumani ulitumia yuniti 200 za Dysport, chapa nyingine ya sumu hiyo, kwa kwapa, na anayechukua namba hiyo akaipeleka kwenye chupa ya Botox amezidisha dozi mara nne. Na kuna dawa zinazoongeza makali yake, ikiwemo jentamisini, sindano inayotumika sana kwenye zahanati zetu. Nani saluni atamuuliza mteja kama juzi alichomwa jentamisini? Kwa hiyo hoja ya sumu ni ya kweli, na inaelekea upande uleule wa hoja yangu.

Hofu nyingine, kwamba jasho likizuiwa uchafu utabaki mwilini, haina uzito. Kazi ya kuondoa taka mwilini ni ya figo na ini. Makwapa ni sehemu ndogo ya ngozi, na mwili unaendelea kujipoza kupitia ngozi iliyobaki. Anayechimba mtaro au kubeba mizigo bandarini ataendelea kutoka jasho la kutosha.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu vipaumbele. Nchi yenye malaria, vifo vya uzazi na wodi zenye wagonjwa wawili kitandani itatumiaje shilingi kukausha makwapa? Nalijibu bila kulipuuza: siombi serikali inunue shehena ya Botox. Naomba utaratibu, ambao gharama yake ni ndogo. Uchunguzi ni maswali na vipimo vya kawaida. Dawa ya kupaka ni rahisi kutengeneza, na nchi hii ina uwezo huo: kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka mataifa mengi ya Afrika tangu miaka ya 1990, na ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya jua. Mahali palipoanzia mafuta hayo hapashindwi kuchanganya kloridi ya alumini. Wagonjwa wachache watakaobaki hawajapona baada ya hatua hizo ndio watakaohitaji sindano, mara mbili hivi kwa mwaka, kwenye hospitali za rufaa. Hao ndio bima inapaswa kuwafikiria, kwa barua ya daktari inayoonyesha walichokwisha kutumia. Kumwambia mtu kwamba ugonjwa wake usubiri mpaka malaria iishe ni kumwambia asubiri milele, na hatumwambii hivyo mwenye mtoto wa jicho wala mwenye meno mabovu.

Kuhusu sheria, mipaka tayari ipo. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kitu kinachochomwa kwa sindano ndani ya ngozi ili kunyamazisha mishipa ya fahamu ni dawa, hata kikiuzwa kwenye chumba chenye vioo na taa za rangi. Tumekwisha kuona kwa mkorogo kinachotokea ngozi za watu zinapoachiwa soko: bidhaa zilipigwa marufuku zikiwa zimeshaharibu nyuso, na bado zinauzwa chini ya meza. Kwa sindano hii ukaguzi uanze mapema, vyumba vya urembo vinavyochoma bila daktari aliyesajiliwa vifungwe, na kliniki zenye kibali zitangazwe ili watu wajue pa kwenda.

Wewe unayelowa viganja au makwapa tangu ujana, nenda kliniki ya ngozi, useme waziwazi, na uanze na dawa ya kupaka. Ukifika hatua ya sindano, omba kuona chupa ikitolewa kwenye friji, soma jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na uulize anayekuchoma amesajiliwa wapi. Akikasirika, ondoka. Na kama jasho lako ni la usiku, unakohoa na nguo zimeanza kukupwaya, usitafute sindano ya aina yoyote: kapime kifua kikuu kwenye kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe, ambako vipimo na dawa zake hutolewa bure.